Makali ya Kisu cha Uduak

Arit alikuwa mkata majani ya afang katika soko moja mjini Uyo. Majani ya afang ni magumu. Yasipokatwa membamba kama nyuzi, mchuzi wake hautafuniki. Wanawake wengi hawana muda wa kazi hiyo nyumbani, kwa hiyo huyapeleka kwa wakataji wa sokoni.

Kwa miaka tisa wateja walisimama foleni mezani kwa Arit. Kisha akaja Uduak, mwanamke mdogo kuliko yeye, akaweka meza yake pembeni. Kisu cha Uduak kilipita kwenye majani bila kelele. Cha Arit kililalamika, kraa, kraa, mchana kutwa. Foleni ikaanza kuhama.

Siku moja Mama Nse, mteja wake wa zamani, alimpita na beseni lake la majani.

"Mama Nse! Hata salamu?"

"Salamu nakupa, Arit. Majani sikupi. Yale ya wiki iliyopita uliyakata au uliyatafuna?"

Watu wakacheka. Uduak hakucheka. Hilo lilimuuma Arit kuliko kicheko chenyewe.

Nyumbani alimwambia mumewe, Etim, "Yule mwanamke ana dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya kisu. Hakiwi butu."

"Basi muulize anainunua wapi."

"Nimuulize mimi? Nilianza kukata afang yeye bado anavaa sare za shule!"

"Mke wangu, kisu chako ndicho butu."

"Kumbe na wewe uko upande wake!" Etim akaendelea kula.

Arit akanunua kisu kama cha Uduak, chenye mpini mwekundu. Kwa wiki moja alikata vizuri, kisha kraa, kraa ikarudi. Akanunua kinoleo kidogo cha kupitishia kisu katikati. Makali yalikuja upesi, lakini yalikuwa na mikwaruzo kama meno ya msumeno, nayo yakararua majani. Akakipeleka kisu kwa mnoaji wa gurudumu anayepita mitaani. Cheche ziliruka, kisu kikarudi chembamba, ncha yake ina rangi ya bluu. Baada ya siku mbili kilikuwa butu kuliko mwanzo.

Akaanza kukikandamiza kwa nguvu. Kikateleza, kikamkata kidole gumba.

Alikaa na kitambaa kidoleni, akimtazama Uduak akikata huku akiimba. Mbona yeye? Mbona kila kitu kinamnyookea yeye?

Mchana Uduak akainuka. "Dada, niangalizie meza. Naenda kununua chakula."

Arit akamsubiri apotee kati ya watu. Kisha akachukua kile kisu, akakiburuza makali yake kwenye ukingo wa saruji wa mfereji. Mara moja, mbili, tatu. Akakirudisha.

Uduak alirudi, akashika fungu la majani, akakata mara moja tu. Akasimama. Akakiinua kisu kwenye mwanga. Akautazama ukingo wa mfereji, palipokuwa na alama mpya. Akamtazama Arit.

Akatoa chini ya meza jiwe la mstatili lililofungwa kwa kitambaa. Akakilowesha kitambaa hicho, akaliweka juu yake lisiteleze, akalimwagia maji, akaanza kunoa taratibu. Baada ya muda mfupi kisu kilikuwa kinapita tena kwenye majani bila kelele.

Arit alihisi kama amemwagiwa maji yeye. Kumbe si kisu. Si dawa. Ni jiwe na mikono.

Jioni, wakifunga meza, alisema kwa sauti ndogo, "Ni mimi."

"Najua. Kisu hakiendi mferejini chenyewe." Macho ya Uduak yalikuwa mekundu. "Mwaka wa kwanza hukunipa hata maji ya kunawa. Na mimi nilikuwa nakuonea wivu, dada. Mikono yako ina kasi kuliko yangu. Wateja wanakujua kwa jina. Lakini sijagusa kisu chako."

"Nisamehe."

Uduak akalifunga jiwe lake kwa kitambaa. "Kesho njoo na kisu chako. Na kingine cha zamani cha kujifunzia, usije ukakiharibu hicho zaidi."

Asubuhi, kabla ya wateja kuja, Arit aliuliza, "Ninunue kipi? Kuna mawe ya kila aina. Kuna na mitambo inayobana kisu."

"Ile ya kubana ni mizuri, lakini ni ghali na ina vipande vingi. Wewe una kisu kimoja. Gurudumu linafaa panga lililomeguka makali. Kisu kikipata moto, chuma kinalegea. Kile kinoleo chako kinatosha kwa nyanya za nyumbani. Kwa afang, nunua jiwe moja tu lenye pande mbili, upande wa kati na upande laini. Usidanganywe ununue matano."

"Na mikono yangu itajuaje pembe ya kukishikia kisu?"

"Laza kisu juu ya jiwe. Sasa inua mgongo wake mpaka ncha ya kidole chako kidogo ipite chini. Hapo hapo, usibadilishe. Paka makali wino wa kalamu nene, usugue mara mbili, utazame. Wino ukibaki ukingoni kabisa, umelaza mno. Ukitoka ukingoni peke yake, umeinua mno."

Arit akasugua. Wino ulibaki ukingoni. Akainua kidogo. Ukatoka wote.

"Endelea upande huo mpaka usikie kijiukingo chembamba cha chuma kilichojikunja kinakwaruza upande wa pili. Pitisha kidole kutoka mgongoni kwenda nje, usikipitishe kwa urefu wa makali! Ukikisikia, geuza kisu. Kikitokea na upande huu, nenda kwenye upande laini wa jiwe, usugue polepole bila kukandamiza mpaka kiishe."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu. Ila wiki ya kwanza utanitukana."

Kweli alimtukana, nyumbani, mara nyingi. Etim alicheka mpaka naye akajaribu, akashindwa. Wiki ya tatu kisu cha Arit kikakata jani moja la afang lililoning'inia, bila kuvuta. Kidole kilipona. Mama Nse akarudi na beseni, bila maelezo.

Kisha familia moja yenye msiba ikaleta magunia manne ya afang kwa Uduak, yakatwe siku hiyohiyo. Akasukuma mawili mezani kwa Arit. Walikata mpaka alasiri, wakichanganya majani yao katika beseni moja kubwa.

Mama wa msiba akachota kiganja, akayatazama yale majani membamba. "Safi kabisa. Haya ya juu ni ya nani?"

Arit alijua. Yalikuwa yake. Wivu ule wa zamani ulitaka kusema.

"Ni yetu," akasema, akachukua fungu jingine.