Nenosiri Si Nyongeza

Kinyozi wa mtaa wetu alijua kunyoa, na kuongea alijua zaidi. Ukitoka kwenye kiti chake una kichwa safi, una habari zote za mtaa, na una nyongeza. Zamani nyongeza ilikuwa mafuta kidogo ya kichwani. Mwaka huu akabuni mpya: nenosiri la akaunti ya gemu ya binti yake!

"Kwangu mteja hatoki mikono mitupu," alisema. Akachukua kalamu nene, akaliandika kwenye kona ya kioo, kila mtu alione.

Yeye hakuona kosa. Gemu zilishanunuliwa, zipo tu. Jirani akiomba moto, utamnyima?

Binti yake tulimwita Kidole, kwa kasi ya vidole vyake. Alilalamika, "Baba, kuna mtu amecheza tena kwa jina langu."

"Wageni hao, mwanangu. Wakaribishe."

Kidole alikuwa amefika fainali ya gemu ya mpira, mashindano ya wasichana. Mshindi angepata nafasi ya kusomea utengenezaji wa gemu. Msichana huyu hakuota kitu kingine.

Siku mbili kabla ya fainali aliwasha mashine yake sebuleni, nyuma ya pazia la kinyozi. Kioo cha mashine kikaandika: "Akaunti imefungwa." Alijaribu tena. Imefungwa. Kidole akaanza kulia.

Mama yake, fundi cherehani, alitoka na utepe wa kupimia shingoni.

"Umegawa funguo za mwanangu kwa ulimwengu mzima!" alimwambia mumewe. "Sasa kaa hapo, namwita jirani."

Jirani yao alikuwa mama mmoja fundi wa kompyuta. Aliingia, akavaa miwani, akakiona kioo cha kinyozi. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Jamani! Nenosiri ukutani?"

"Lakini gemu nimenunua," kinyozi alijitetea. "Hata cherehani ya mama watoto nimenunua. Naweza kumwazima nimtakaye."

"Thubutu!" alisema mkewe.

"Cherehani ni kitu," alisema jirani. "Gemu hizi ulinunua ruhusa ya kuzicheza. Ruhusa ni ya mwenye akaunti. Masharti uliyoyakubali yanakataza kumpa mtu nenosiri."

"Yale marefu yale? Nani anayasoma?"

"Ndiyo maana leo mmeniita. Kampuni ya gemu ikiona akaunti moja inafunguliwa kwenye nyumba nyingi, inadhani imeibiwa. Inaifunga. Na shukuruni Mungu hakuna mteja aliyetumia programu ya udanganyifu. Angetumia, adhabu ingemwangukia Kidole. Pengine asingecheza tena."

Kinyozi akamtazama binti yake.

"Nimekuponza, mwanangu," alisema. "Nisamehe."

"Itafunguliwa?" Kidole aliuliza.

"Siwezi kuahidi, uamuzi ni wa kampuni," alisema jirani. "Tuwaambie ukweli wote, tusifiche kitu."

Waliiandikia kampuni kwa barua pepe ileile iliyotumika kufungua akaunti, wakaambatanisha risiti za gemu. Kinyozi mwenyewe alieleza alivyoligawa nenosiri. Kisha akapaka spiriti kwenye kitambaa na kukisugua kioo cha kunyolea mpaka nenosiri likafutika.

Kesho yake jibu likaja. Akaunti imefunguliwa, ila wakirudia hakuna msamaha. Kidole aliruka kama chapati kikaangoni.

"Bado," alisema jirani. Aliwaonyesha jinsi ya kuweka nenosiri jipya na kuondoa vifaa vyote vya wageni. Aliwawekea pia ulinzi wa pili: mgeni akijaribu kuingia, namba ya siri inatumwa kwenye simu ya mama, na bila namba hiyo haingii. Mwisho akamfungulia kinyozi akaunti yake mwenyewe.

"Kampuni hii inaruhusu watu wa nyumba moja kutumia gemu pamoja, kila mmoja kwa akaunti yake. Nyingine zina masharti tofauti. Ulizeni kwanza."

Siku ya fainali, Kidole akiwa sebuleni anacheza, shemeji yake kinyozi alikuja kunyolewa.

"Shemeji, nenosiri limegoma. Nipe jipya."

Kinyozi alikohoa. Maisha yake yote hakuwahi kumnyima mteja kitu.

"Ukitaka kucheza, fainali ikiisha karibu sebuleni ucheze nasi. Nenosiri hapana. Fungua akaunti yako, nitakusaidia."

"Makubwa! Umekuwa mchoyo?"

"Mchoyo kabisa. Inamisha kichwa."

Alikuwa amenyoa nusu aliposikia kelele nyuma ya pazia.

"Baba! Baba, njoo!"

Aliitupa mashine ya kunyolea, akakimbia. Shemeji naye akamfuata na shuka lake shingoni. Kwenye kioo cha gemu kulikuwa na jina la Kidole, na chini yake neno moja: Mshindi. Kidole alikuwa amemkumbatia mama yake, analia na kucheka kwa pamoja. Kinyozi akawakumbatia wote wawili, akasahau kabisa kwamba ana mteja.