Taa Chini ya Kiti

Rafiki yangu mmoja, fundi cherehani, mwoga kunishinda hata mimi, alifunga taa nyekundu chini ya kiti cha baiskeli. Mkewe alishamwonya: "Ukigongwa gizani, baba watoto, usije ukanilalamikia."

Jioni hiyo hiyo lori lilimkosakosa. Dereva akafoka, "Mwambie huyo uliyempakia asogeze koti, linaziba taa!"

Fundi alikuwa peke yake. Akacheka, akamwita mlevi.

Hata hivyo, kesho yake aliihamishia taa chini kabisa, kwenye madigadi. Giza lilipoingia, dereva mwingine akapunguza mwendo kando yake.

"Taa yako inaonekana vizuri, kaka. Ila mwambie mwenzako akunje miguu."

Gari likaenda zake. Fundi akaacha kukanyaga pedeli, akasikiliza. Nyuma yake, juu ya kokoto, visigino vilikuwa vikiburuzika.