Bilauri ya Nne

Mwanasiti wa Kau, kijiji cha kando ya mto, alikuwa jirani ya bibi yangu, ukuta kwa ukuta, na haya alimsimulia bibi kwa kinywa chake. Ilikuwa miaka ya hamsini. Asubuhi moja, baada ya kufagia ua na kuinjika chai, Mwanasiti alichukua kisu na kikapu akaenda makaburini kukata vijiti vya mwaridi.

Mwaridi huo aliupanda mwenyewe kichwani pa kaburi la Madina, binti yake wa pekee, aliyefariki miaka miwili nyuma akiwa na miaka saba. Sasa mto ulikuwa unakula ukingo. Kila juma kipande cha ardhi kiliporomoka majini, na kati ya maji na kaburi hazikubaki hatua kumi. Kufukua maiti asingethubutu. Basi akaona, angalau abaki na mti uliomea juu ya mwanawe.

Kazi ya mawaridi aliijua barabara. Alichagua matawi manne yaliyokwisha kuchanua, unene wa penseli, akayakata mshazari chini ya kifundo, akapukutisha majani akabakisha mawili ya juu. Alichanganya mchanga wa mtoni na samadi kuukuu, akavichomeka vijiti vyake kivulini nyuma ya nyumba, kila kimoja akakifunika kwa bilauri ya arusi yake. Ndani ya bilauri unyevu haupotei, na kijiti hakikauki kabla ya kutoa mizizi. Sharti ni moja tu: usifunue mpaka uone jani jipya. Ukifunua mapema, umekiua.

Vijiti vitatu vilioza. Siku ya kumi na sita ukingo ukameguka, kaburi likaenda, mwaridi nao ukaenda. Mwanasiti alilia pale ukingoni mpaka sauti ikamkauka. Komora, mumewe, alimshika mkono akamrudisha nyumbani.

"Mama Madina, kimoja kipo," alimwambia. "Tukitunze hicho."

Kesho yake adhuhuri, jua likiwa utosini, Mwanasiti alikwenda kukitazama. Bilauri ilikuwa imeingia ukungu. Ukungu ukafutika. Ukarudi. Ukafutika tena, upesi upesi, kama kifua cha mtoto mwenye homa.

"Unaona?" alimnong'oneza mumewe.

Komora alitazama kwa muda. "Ni joto tu," alisema, lakini alirudi nyuma hatua moja.

Kulikuwa na jambo ambalo wakati huo Mwanasiti alikuwa hajamwambia mtu, hata Komora. Madina alipobanwa na kifua, Mwanasiti alichemsha majani ya mwarobaini, akamkalisha mtoto juu ya nyungu ajifukize, akamfunika mablanketi mawili na kukandamiza pindo kwa magoti yake. Ndivyo alivyofanyiwa naye utotoni. Mtoto alisema, "Mama, nifunue." Akamjibu, "Vumilia mwanangu, bado kidogo." Aliposikia kimya, alishukuru. Alidhani dawa imeingia.

Siku zikapita. Kwenye kijiti cha nne jicho jekundu la chipukizi likaanza kuvimba. Siku tatu zaidi, nne labda, na jani lingetoka. Mwanasiti alikuwa hali vizuri, halali vizuri, anashinda amechutama mbele ya bilauri akihesabu pumzi zile.

Adhuhuri ya siku ya pili pumzi zilianza kukatika.

Alisogeza sikio. Kuku walikuwa kimya. Hata majani ya mgomba hayakutikisika.

"Mama, nifunue."

Neno "vumilia" lilimfika mdomoni. Akauma mdomo mpaka damu ikatoka. Alijua akifunua atakipoteza. Alijua hana kingine.

"Mama."

Akafunua.

Pumzi ya moto ikampita shavuni. Ilinuka mwarobaini. Kisha hakukuwa na kitu.

Kufika alasiri kijiti kilikuwa cheusi. Alikichomoa taratibu mchangani. Kilikuwa na mizizi, mifupi, myeupe. Kilikuwa kimeshashika.

"Kwa nini umefunua?" Komora aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Ameniomba," alisema Mwanasiti. "Safari hii nimemsikia."

Komora alikaa chini mchangani, akafunika uso kwa mikono yake, na ndipo Mwanasiti alipogeuza bilauri. Upande wa ndani palikuwa na alama za vidole vitano, vidogo, vya mkono uliokuwa ukisukuma. Aliisugua kwa majivu na ndimu. Hazikutoka.

Mwanasiti alipofariki, bilauri ile ilirithiwa na bibi yangu, pamoja na usia mmoja: isifudikizwe kamwe. Bibi aliiweka rafuni, mdomo juu. Mara moja tu mgeni wetu aliiosha na vyombo vingine akaifudikiza mezani ikauke. Bibi alipoingia jikoni aliiinua kabla hata ya kuvua kanga yake, akaiomba radhi. Meza ilikuwa kavu, lakini ndani ya kioo ukungu ulikuwa umeshaanza.