Malengelenge ya Mashua ya Mama Mkwe

Kila asubuhi Oduor na mkewe Phoebe hutoka Kawangware kwa miguu hadi karakana yao karibu na Adams Arcade. Oduor hunyoosha bodi za magari. Phoebe huchanganya rangi. Kazi haikosekani, maana Ngong Road haikosi magari ya kugongana.

Asubuhi moja ya Novemba walitembea mmoja mbele, mwingine nyuma. Karakanani, chini ya turubai, kulikuwa na mashua.

Ilikuwa mashua ya Philister, mamake Phoebe, iliyoundwa kwa faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi. Huko Naivasha hubeba wageni wanaotaka kuona viboko ziwani. Ndiyo inayomlisha. Mwezi wa saba aliileta kwa mkwe wake kwa sababu ilikuwa imeota malengelenge tumboni, kama mguu uliovaa kiatu kibaya.

"Utaiweza, Baba Ivyne?" alimuuliza Oduor siku hiyo.

"Hiyo ni kazi kidogo, Mama. Jumamosi utaichukua."

Kwao, mkwe hamwambii mama mkwe "ngoja". Ni kama kumfungia mlango. Basi Oduor alikwangua malengelenge, akayaziba kwa filla ya magari, ule uji mzito wa kusawazishia bodi, akapiga rangi. Baridi ya Julai ilikuwa imeshika jiji, hata soksi hazikauki. Lakini mashua iling'aa! Philister alimsifu mbele ya akina mama wa kanisa, na Oduor akazipokea sifa zote bila kurudisha hata moja.

Sasa mashua ilikuwa imerudi kukaguliwa kabla ya wageni wa Desemba, Philister bila kujua hali ya tumbo lake. Malengelenge yalikuwa mengi kuliko mwanzo, na kesho yake Philister alikuwa anakuja kuitazama.

"Nichanganyie filla," Oduor alimwambia mkewe kwa sauti ya chini. "Nizibe leo, wewe upige rangi. Hataona."

"Ni mamangu, Baba Ivyne."

"Si ndio maana!"

Jirani yao wa karakana, Wangeci, alisikia. Wangeci hutengeneza mabembea ya faiba na kurekebisha mabwawa ya kuogelea ya matajiri wa Kitisuru na Loresho. Ni fundi hodari, ila mdomo wake hauna kifuniko.

"Niaje majirani? Mnaficha nini hapo?" Akainua turubai. "Woi! Oduor, umewekea mashua filla ya gari?"

Wangeci alivaa miwani ya kazi, akatoboa lengelenge moja kwa bisibisi. Maji ya kunata yaliruka.

"Nuseni."

"Inanuka siki," alisema Phoebe.

"Hayo si maji tu. Watu hufikiri faiba haiingii maji. Inaingia, pole pole, ikikaa majini miezi. Huko ndani maji yanapata dawa za gundi zenye hazikushika vizuri. Yanachanganyika, yanakuwa makali, yanavuta maji mengine. Ndio inafura hivi. Kwa mabwawa naona hii kitu kila mwaka."

"Na filla yangu?"

"Filla ya gari inakunywa maji kama chapati kwa mchuzi. Na ulifungia unyevu ndani. Hiki ni kidonda, jirani, na wewe ulikipaka poda. Haizami leo, lakini ukiendelea kuficha, faiba itaachana tabaka kwa tabaka."

Uso wa Oduor uliwaka moto. Miaka yote hiyo alijiita daktari wa bodi!

"Tufanye nini?" aliuliza Phoebe.

"Fungueni kila lengelenge mpaka mfike faiba ngumu. Mvae maski, hilo vumbi linaharibu mapafu. Mwoshe na maji safi ya moto, mrudie, mpaka harufu iishe. Halafu mngoje ikauke, pahali pana upepo na mvua haifiki. Kupima ni rahisi. Bandikeni karatasi ya nailoni kwa tumbo, mzibe kingo zote na tepu. Mkikuta jasho ndani, bado. Ikikaa kavu, mzibe mashimo na epoksi, ile gundi ya mikebe miwili isiyopitisha maji, kisha mpake epoksi tumbo lote, safu juu ya safu. Rangi ndio ya mwisho."

"Itakauka lini?"

"Na hizi mvua? Hata Februari."

"Wageni wanakuja Desemba," alisema Phoebe.

Oduor aliketi juu ya tairi kuukuu. Kazi haikumtisha. Kilichomtisha ni kusimama mbele ya mama mkwe.

"Nimwambie mimi?" Phoebe aliuliza.

"Hapana. Uongo ulikuwa wangu."

Philister alifika kesho yake. Oduor alimtolea turubai mwenyewe, macho yakiwa kwenye viatu vyake.

"Mama, nilikudanganya. Mashua ilihitaji kungoja, nikaona aibu kukuambia. Nikaiziba ikiwa na maji ndani. Sasa itakaa hapa mpaka Februari."

Philister alipitisha kiganja juu ya malengelenge.

"Mwezi jana nilibeba watoto wa Sunday school na hii mashua," alisema. "Niliwaambia wasiogope, imetengenezwa na mkwe wangu."

Alirudisha turubai, akaondoka. Oduor angependa atukanwe.

Desemba hiyo Philister alikaanga samaki ufuoni huku wageni wakipanda mashua za wenzake. Oduor alilijua hilo kila alipoosha faiba, na aliosha sana. Januari jua lilitoka. Nailoni ilitoa jasho. Wakangoja. Ikatoa jasho tena, kidogo. Wakangoja. Ilipokaa kavu kabisa, Wangeci aliwasimamia kupaka epoksi.

Mashua ilirudi ziwani. Baada ya mwaka mzima iliinuliwa kukaguliwa. Tumbo lilikuwa laini kama yai.

Ndipo Philister alipomleta karakanani Sammy, mwenye mashua jirani yake ufuoni. Mashua ya Sammy nayo ilikuwa imeota malengelenge.

"Naitaka kabla ya Pasaka," alisema Sammy.

"Haitawezekana," alisema Oduor. "Lazima ikauke kwanza."

Sammy alimgeukia Philister. "Mama, huyu ndiye fundi ulinisifia?"

"Ndiye. Mimi alinidanganya kwanza, ndio akajifunza. Wewe una bahati, umempata akiwa ameiva."

Wote walicheka, Wangeci akiwashinda kwa sauti. Oduor aliinamisha kichwa. Aibu ilimchoma upya, tena mbele ya mteja.

"Basi hata Mei?" Sammy alimbembeleza.

"Ikikauka," alisema Oduor, kichwa bado chini, "nitakupigia simu."