Msalaba Kando ya Mlango

Haya yalimkuta rafiki yangu Urho, kwao Savo, kwenye nchi ya theluji na misitu, na hadi leo hapendi kuulizwa.

Vuli ile alikuwa akisafisha nyumba ya magogo aliyoachiwa yeye na mdogo wake, Helvi. Alisugua ukuta wa nje kwa brashi na sabuni ya msonobari mpaka akafika kando ya mlango. Hapo kila marehemu wa nyumba hiyo alichongewa msalaba, herufi za jina na mwaka, ili mzimu wake ukirudi uishie nje. Alama ya mwisho ilikuwa ya mama yao.

"Kaka, hiyo usiiguse," Helvi alimsihi.

"Huyu aliyekuwa akinifungia nje kwenye theluji? Jina lake halikai kwangu, thubutu!"

Akaiparua kwa randa huku Helvi akilia, kisha akapaka lami ukuta mzima.

Giza lilipoingia, wakiwa ndani, walisikia kisu kikikwaruza gogo polepole. Kilitulia, kikaanza tena. Urho alichukua taa akatoka. Lami ilikuwa haijaguswa, lakini mkwaruzo uliendelea, sasa ukitokea ndani.

Aliporudi, palikuwa kimya. Helvi alikuwa jikoni akimimina kahawa.

"Umeona nani? Njoo unywe kabla haijapoa."

Urho aliinua taa. Kando ya mlango, upande wa ndani, palikuwa na msalaba mpya, herufi za Helvi, na mwaka ambao ulikuwa bado haujaisha. Gogo lile lilikatwa enzi za babu wa babu yao, lakini alama ilikuwa ikichuruzika utomvu mbichi.