Bibi Harusi Anatetemeka

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya chai, Chiriku alikunja suruali yake kuukuu hadi magotini, akajaza ndoo mbili za maji na kwenda kumwogesha Bibi Harusi. Bibi Harusi hakuwa mtu, bali lori la babu yake, kuukuu, la rangi ya samawati, ambalo lilikuwa likibeba matofali kutoka kiwandani hadi mjini tangu mama yake Chiriku hajaanza shule. Lilikuwa linang'aa mno. Madereva wenzake walimtania babu kwamba yeye hapeleki matofali, anapeleka bibi harusi, na jina likaganda hapo hapo.

Chiriku nalo lilikuwa jina la utani. Msichana huyo wa darasa la sita alikuwa na mdomo usiopoa, na hata alipoosha gari alilisimulia habari za shule. Kazi hiyo aliipenda, ila sehemu moja tu. Kung'arisha bodi, vioo na nyuso za magurudumu, hapo humwambii kitu. Lakini kulala chali chini ya lori na kusugua upande wa ndani wa ringi, kile chuma kinachoshika tairi, weee! Maji machafu yalimwingia masikioni, udongo ukamwingia machoni, na hakuna mpita njia aliyewahi kuinama huko chini akasema, "Hongera, binti." Basi tangu mvua zianze, upande wa ndani aliuacha. Nani ataona?

Siku moja babu alirudi kazini amekunja uso. Alikaa kitini, akavua viatu polepole.

"Usukani unatikisika," alimwambia mama yake Chiriku. "Huku mitaani, shwari kabisa. Nikiingia barabara kuu na kufika mwendo wa sabini, unaanza kunichezea mikononi. Nikifika themanini, ndiyo usiseme, mpaka meno yanagongana. Nikipunguza mwendo, unatulia kana kwamba hakuna kilichotokea."

"Baba," mama alisema kwa upole, "isije ikawa ni mikono yako. Umri nao umesogea."

"Mikono yangu?" Babu aliigeuzageuza mbele ya macho yake. "Mikono yangu haina neno. Mwiteni fundi."

Fundi alifika kesho yake jioni, wakati Chiriku ndiyo kwanza anavua sare za shule. Aliinua gurudumu la mbele kwa jeki, akalishika juu na chini na kulitikisa, kisha akalishika kushoto na kulia. Alilala chini ya gari akapiga viungo vya usukani kwa nyundo ndogo, huku akisikiliza kila mlio.

"Viungo vizima," alisema akijipangusa. "Beringi nzima. Tairi je?"

"Mpya hizo," babu alijibu. "Na zilipofungwa zilipimwa uzito, zikawa sawa."

"Basi limebaki moja. Udongo wa kiwanda cha matofali hauna mchezo. Ukiganda ndani ya ringi, upande mmoja unakuwa mzito, na gari likikimbia linatetemeka. Nani huosha hapa?"

"Mimi," alisema Chiriku.

"Na ndani unasafisha?"

Chiriku angeweza kusema hapana. Lakini mama alikuwa amesimama pale, na babu alikuwa akimtazama kwa macho ya kujivunia mjukuu.

"Ndiyo," alisema. "Kila Jumamosi."

Fundi alikuwa tayari ameinama kuchungulia. Babu alimshika bega. "Huyu akisema kasafisha, kasafisha. Usijisumbue."

Fundi akainuka. Alilizungusha lori mtaani, lakini kwa mashimo yale hata mwendo wa arobaini hakuufikia. Aliporudi alimpa babu funguo huku akitazama pembeni. "Mzee wangu, mimi sioni ubovu," alisema. Kila mmoja alijua mwenzake anawaza nini. Usiku huo Chiriku alikula kimya, mpaka mama akamuuliza kama anaumwa jino.

Mambo yaliharibika Ijumaa. Babu alikuwa akishuka mteremko na mzigo umejaa pomoni, na basi linakuja mbele yake, usukani ukaanza kumrushia mikono huku na huku. Alifanikiwa kupunguza mwendo na kusimama pembeni, akakaa hapo mpaka jasho likamkauka. Alifika nyumbani amenywea.

"Nimekubali," alisema. "Ni mikono. Ningeua watu leo. Mwite yule kijana dereva wa kiwandani, aje kesho achukue funguo."

Mama alimwita. Babu aliingia chumbani kwake jua halijazama, na Chiriku alimsikia akijisafisha koo mara kwa mara kama mtu anayezuia kilio. Alitaka kuingia amwambie kitu. Alisimama mlangoni, akashindwa, akarudi zake.

Asubuhi aliamka mapema kuliko siku zote. Alijiambia kwamba kama leo ni siku ya mwisho ya babu na lori lake, basi Bibi Harusi ataoga vizuri, nje na ndani, piga ua. Alichukua bisibisi ya zamani, akalala chali chini ya lori, akanyoosha mkono nyuma ya gurudumu la mbele la kushoto.

Mkono uligonga kitu kigumu. Aligusa tena, akadhani ni chuma. Alikwaruza kwa bisibisi, vumbi jekundu likamwagikia usoni. Loo! Ulikuwa udongo, bonge lenye ukubwa wa mkate, limeng'ang'ania upande mmoja tu wa ringi. Joto la breki lilikuwa limelioka likawa tofali.

Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa rahisi sana. Akwangue haraka, atupe, anyamaze. Hakuna atakayejua. Akaanza kukwangua kwa nguvu, kipande cha kwanza kikadondoka kifuani pake.

Halafu mkono ukasimama wenyewe. Akilitoa bonge hili kimyakimya, yule kijana ataingia barabara kuu, atafika themanini, na usukani utatulia tuli. Na watu watasemaje? Watasema, "Si mnaona? Ilikuwa mikono ya mzee." Babu naye ataamini hivyo mpaka mwisho wa maisha yake.

"La! Haiwezekani," alisema kwa sauti. Alitambaa akatoka, nywele zimejaa udongo.

Uani walikuwa wamekusanyika tayari: mama, fundi aliyeitwa kushuhudia makabidhiano, na kijana dereva aliyevaa shati jipya kwa heshima ya siku hiyo. Babu alikuwa ameshika funguo mkononi, ananyoosha mkono kumpa.

"Babu, usimpe!" Chiriku alipaza sauti.

"Ala! Mtoto gani wewe unawaingilia wakubwa?" mama aling'aka.

"Mama, nisamehe, lakini lazima niseme." Alimgeukia babu. "Nilidanganya. Ndani ya ringi sijasafisha tangu mvua zianze. Fundi aliponiuliza, nilisema uongo. Kuna udongo kule, babu. Mwingi. Mikono yako haina kosa."

Fundi hakungoja, alichukua jeki, akainua gurudumu la kushoto na kulizungusha kwa mkono. Gurudumu lilizunguka, likapungua kasi, likasimama. Akalizungusha tena na tena. Kila liliposimama, upande ule ule ulikuwa chini.

"Huo ndio uzito wenyewe," alisema.

Chiriku hakusubiri kuambiwa. Alirudi chini ya lori na bisibisi yake. Kijana dereva alitaka kumsaidia, babu akamzuia. "Mwache. Kazi yake hiyo." Udongo ule ulikuwa mkaidi. Viganja vilimtoka malengelenge, vumbi likamfanya apige chafya, lakini hakuacha mpaka aliposikia chuma kitupu kikilia chini ya bisibisi. Akahamia gurudumu la kulia, akalisugua nalo. Fundi alipoyazungusha tena, kila moja lilisimama popote lilipotaka.

"Sasa twende tukajue ukweli," babu alisema, akapanda nyuma ya usukani.

Chiriku alikaa katikati, fundi akakaa dirishani. Waliingia barabara kuu. Sindano ya mwendo ilipanda hamsini, sitini. Ilipokaribia sabini Chiriku aliacha hata kupumua. Sabini. Themanini. Usukani ulitulia mikononi mwa babu, haukutikisika hata chembe.

"Mzee, uko sawa kabisa!" fundi alipiga kofi pajani. "Na mimi nina kosa langu. Niliinama kuangalia, nikaambiwa nisijisumbue, nikainuka. Kazi ya fundi ni kuangalia, si kuambiwa."

Babu aliliegesha lori pembeni, akazima injini. Machozi yalikuwa yakimlengalenga, wala hakuyaficha.

"Mjukuu wangu," alisema, "uvivu ni kitu kidogo, unatibika kwa bisibisi. Lakini lile neno lako moja lilimpotosha fundi, likamfanya mama yako anione nimekwisha, na mimi mwenyewe nikaanza kuiogopa mikono yangu. Gari likitikisika, nalipeleka kwa fundi. Neno lako likitikisika, nitalipeleka wapi?"

Chiriku alilia kwa kwikwi. "Nisamehe, babu."

"Nimeshakusamehe. Ungeweza kukwangua ukanyamaza, ukabaki mtoto mwema machoni pa watu. Umekubali aibu mbele ya wote ili mimi nisionewe. Hilo lilihitaji moyo kuliko kuendesha lori."

Chiriku alijifuta machozi, uso ukabaki na michirizi ya udongo. "Na Jumamosi ijayo, babu? Nikikuambia nimesafisha ndani, utaniamini?"

Babu alifikiri kidogo. "Nitainama nichungulie kwanza," alisema. "Na Jumamosi itakayofuata pia. Siku nitakapoacha kuinama, ujue neno lako limepona."

Chiriku alitikisa kichwa kukubali. Aliona ni haki.