Chubwi za Gasper

Gasper, mvuvi wa Michenga, anajivunia meno yake. Akitengeneza wavu, hukunja vipande vya madini ya risasi kwenye kamba, kisha huving'ata mpaka vibane. Hizo ndizo chubwi, zinazozamisha wavu mtoni. Koleo analo, lakini anasema koleo ni la vibogoyo.

Msaidizi wake ni bintiye Nelly, wa miaka mitatu. Humpa baba vipande kimoja kimoja. Mikono ikijaa, vingine huvibeba mdomoni.

"Mwoneni fundi wangu!" Gasper hucheka. "Huyu atavua hadi mamba."

Risasi yenyewe hutoka kwenye betri mbovu za magari. Gasper huzivunja nyuma ya jiko na kuiyeyusha risasi katika sufuria. Sufuria hiyohiyo, ikishasuguliwa kwa majivu, hupikiwa uji. Kandida, mkewe, aliwahi kulalamika.

"Moto unaua kila kitu, mama Nelly," Gasper alimjibu.

Mwezi wa tatu Nelly alianza kulia tumbo. Choo kikawa kigumu. Chakula akakikataa, hata samaki. Mtoto aliyekuwa akigombana na kuku kutwa nzima sasa alikaa kimya. Maneno aliyoyajua yakaanza kupotea.

"Minyoo tu," alisema Gasper. Nelly akapewa dawa ya minyoo. Tumbo likaendelea kuuma. Gasper akaacha utani, na Gasper akiacha utani, jua mambo yameharibika.

Siku hizo watafiti walikuwa wakipima damu ya watoto katika vijiji vya wavuvi. Jirani yao Restituta, mhudumu wa afya wa kijiji, alimpeleka Nelly. Baada ya wiki mbili alikuja na majibu.

"Damu ya mtoto ina sumu ya risasi," alisema. "Ni nyingi."

"Risasi hii ya chubwi?" Gasper alishangaa. "Mbona mimi naing'ata miaka yote na ni mzima?"

"Mzima? Juzi si ulitafuta kofia ukiwa umeivaa?"

Kandida alicheka, kisha akafuta machozi.

"Na wewe utapimwa, kaka," Restituta aliendelea. "Lakini mtoto huumia zaidi. Mwili wake hunyonya risasi nyingi, na ubongo wake bado unakua. Moto hauiui risasi. Hutoa moshi na vumbi, na vumbi hutua sakafuni, mikononi, kwenye chakula."

"Dawa yake?" aliuliza Kandida.

"Kituo cha afya watamfuatilia. Lakini kwanza sumu itoke hapa nyumbani. Ikibaki, mtaendelea kumlisha."

Gasper alitazama mikono yake. "Kumbe ni mimi."

"Hukujua, baba Nelly," alisema Kandida. "Sasa umejua. Lete hiyo sufuria."

Kandida aliitoboa mwenyewe kwa msumari, asije mtu akaipikia tena. Sakafu wakaipiga deki kwa maji, maana ufagio mkavu hurusha vumbi. Afisa afya akaelekeza jinsi ya kuondoa udongo wa nyuma ya jiko. Nelly akapewa maharage, mchicha na dagaa, kwa sababu mwili ulioshiba vizuri hunyonya risasi kidogo.

Kwenye mkutano wa kijiji Restituta alisoma matokeo. Katika nyumba zilizoyeyusha betri, watoto wanane kati ya kumi walikuwa na risasi nyingi.

"Sasa nyavu tuzizamishe kwa sala?" aliuliza mzee Ndaki. Watu wakacheka.

Gasper akasimama na chubwi za udongo wa kuchoma. Alifinyangiwa na mama mkwe wake, Angelina.

"Hizo zitavunjika," alisema Ndaki.

"Zikivunjika, mzee wangu, mama atafinyanga nyingine. Mtoto wangu nani atamfinyanga upya?"

Mkutano ukakataza kuyeyusha betri kijijini, ukaiomba halmashauri itunge sheria ndogo. Kabla mwaka haujaisha, sheria ikapita.

Baada ya miezi sita risasi katika damu ya Nelly ilikuwa imepungua nusu. Restituta alisema mtoto ataendelea kupimwa. Tumbo lilipoa. Maneno yalirudi, tena mengi.

Jioni moja Gasper alikaa mkekani na kunyoosha mkono kwenye ugali.

"Baba, umenawa?" Nelly aliuliza.

"Nimenawa, mama."

"Na sabuni?"

Gasper alimtazama mkewe. Kandida akaangalia pembeni, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Gasper akainuka kwenda kunawa tena.